Jina la Kanga

Mimi ndiye mtunga majina ya kanga.
Yale maneno mnayoyasoma viunoni mwa watu
msibani, ngomani, kwenye foleni ya maji,
mengi yametoka katika daftari langu,
ghorofa ya pili, kiwandani Vingunguti,
juu ya chumba cha matangi ya rangi.
Nalipwa kwa neno linalochoma bila kutaja mtu.

Bi Sikudhani hana haja ya daftari.
Matuta yake ya mchicha yako bondeni, Msimbazi,
hatua chache kutoka mdomo wa bomba letu.
Yeye huzijua kanga zetu kabla ya Kariakoo.
"Wiki hii mmepika nyekundu," aliniambia,
akisuuza miguu kwa maji ya chupa.
"Ijumaa ilikuwa kijani, nikadhani mchicha umeyeyuka."
Akacheka. Mimi nikatazama vifundo vyake,
ngozi iliyopauka ikachanika,
na ukucha mmoja wenye zambarau
ile ile, namba kumi na nne, niliyoichagua mwenyewe
kwa ajili ya sikukuu.
Nilinunua mafungu mawili.
Nitasema kweli: sikuyapika.

Mtambo wa kusafishia maji upo. Msiseme haupo.
Una kibao, una utepe uliokatwa, una picha ukumbini.
Ulimboka anayeulinda anasema huwashwa
wakaguzi wakipiga simu kwamba wako njiani,
maana umeme ghali, dawa ghali,
na mto, anasema meneja, haujawahi kuleta ankara.

Huileta, masika. Ila hukosea anwani:
huipitisha chini ya milango ya Kigogo, ya Jangwani,
kwa watu wasiojua hata bei ya mita moja ya kitambaa.

Ikaja Juni, na siku ya mazingira.
Meneja Kaijage akaniita. Mezani karanga, soda, bajeti.
Madawati hamsini, nembo mgongoni.
Miche mia mbili, na mtu wa kuipiga picha
(wa kuimwagilia hakuandikwa).
Na doti mia tatu za kanga kwa akina mama wa bondeni.
"Tunga jina zuri. Jirani mwema, kitu kama hicho.
Tunataka kurudisha kwa jamii."

Kurudisha.
Nililibeba neno hilo hadi dirishani.
Mtu hurudisha alichochukua.
Aliyeazima sufuria harudishi kijiko
akasimama mlangoni kusubiri vigelegele.

Nilitunga manane, nikafuta manane.
Usiku, mashine zikinguruma chini ya kiti changu,
nikayasikia maji yakitoka. Si kwa kishindo;
kama mtu anayemwaga taka uani kwa mwenzake
huku akiangalia nyuma.
Na mimi je? Mshahara wangu unapita bomba lile lile.
Ada ya mwanangu ina rangi. Wali wangu una rangi.

Asubuhi nikapeleka karatasi:

RANGI YAKO NIMEIOGA KABLA SIJAIVAA

Kaijage akasoma mara mbili, midomo ikichezacheza.
"Hili ni fumbo la mapenzi?"
Nikamwambia jina la kanga halina mwenyewe,
kila mtu huvaa linalomkaa.
Akatia saini. "Wanawake watalipenda."

Walilipenda. Siku ya sherehe walikuja wamejifunga,
wakaketi, wakasikiliza hotuba tatu na shairi la watoto,
wakapiga makofi palipotakiwa makofi.
Kisha wakasimama, wakageuka kwenda zao,
migongo mia tatu,
na mgeni rasmi, kipaza sauti bado mkononi,
akaanza kusoma.

Sitawadanganya kwamba dunia iligeuka.
Nimeitwa ofisini mara mbili. Daftari limechukuliwa.
Lakini Ulimboka ananong'ona kuwa mtambo unawaka,
usiku wa nne leo, na hakuna mkaguzi aliyepiga simu.

Nikateremka bondeni.
"Leo rangi gani?" nikauliza.
Bi Sikudhani akainama, akachota kiganjani, akatazama sana.
"Leo maji," akasema,
kama anayemtaja mgeni
asiyejua kama atalala au anapita.